Kijiji kina muhuri, hakina spana

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa chombo cha maji, yaani kile kinachosimamia huduma ya maji kijijini kwetu, wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma. Pampu yetu ya mkono, Afridev iliyofungwa 2019, imekufa mara tatu, na safari hii ni miezi saba haijatoa tone. Amekuja mshauri kutoka mjini, anasema pampu za mkono zimepitwa na wakati, tumpe laki nane atuandikie andiko la kuomba pampu ya sola kwa wafadhili. Anasema kuna kijiji huko Sikonge kilifanya hivyo na maji yanatoka mpaka leo, sisi kazi yetu ni kunakili. Je, tumpe? Na andiko zuri liwe na vipengele gani?

JIBU: Marahaba, ndugu Katibu. Msimpe.

Vipengele vya andiko sitavitaja, kwa sababu najua litakavyoanza: "Tatizo kubwa la kijiji chetu ni ukosefu wa pampu ya sola." Nimekaa kwenye kazi za mipango miaka mingi, na hilo neno ukosefu limenichosha kuliko safari zote za vumbi. Ukosefu wa pampu, ukosefu wa madawati, ukosefu wa elimu kwa wananchi. Mgonjwa akiingia zahanati akasema "daktari, naumwa ukosefu wa panadol", hata mfagizi atacheka. Lakini likiandikwa hivyohivyo kwenye karatasi yenye nembo, tunapiga makofi na kuchangishana laki nane.

Mmeshapewa pampu, nayo imekufa mara tatu. Kwa hiyo ulizeni imekufaje.

Mwaka jana nilikaa na kamati moja, si mbali sana na kwenu, chini ya mwembe. Tuligeuza kalenda ya ukutani, tukaandika nyuma yake. Pampu imesimama kwa nini? Mpira wa pistoni umeisha. Mpira huo bei yake haifiki ya kuku. Kwa nini haukubadilishwa? Fundi aliyefundishwa siku ya kukabidhi mradi alihamia Mpanda. Kwa nini hakuitwa mwingine? Hela haikuwepo. Hapo wote wakanyamaza, kila mtu akamtazama mhazini, na nikadhani kikao kimeishia hapo kwenye wizi. Mhazini akafungua daftari lake. Shilingi 50 kwa ndoo, Agosti makusanyo yanajaza ukurasa mzima. Januari kuna mistari miwili. Februari hakuna kitu.

Masika watu wanachota mtoni na kwenye mabati, bure. Miezi ile kisima hakiingizi senti, na mlinzi wa kisima anaendelea kulipwa. Kiangazi kinaingia, foleni inarudi, pampu inakatika wiki ya tatu, mfuko hauna kitu. Hakuna aliyekula hela. Namna ya kulipia ndiyo haikuendana na mvua za Kigoma. Sasa niambie, ndugu Katibu, pampu ya sola ingezuia mvua isinyeshe?

Mchoro tuliochora siku ile wataalamu wanauita mfupa wa samaki. Aliyeueneza ni Mjapani, Kaoru Ishikawa, ila mtu wa Kigoma hahitaji semina: ukimaliza kula mgebuka vizuri unabaki nao mkononi. Kichwa ni maji kutotoka. Kila mwiba ni sababu, na kila sababu ina vimiiba vyake. Wenu hautafanana na wa ile kamati. Labda kwenu hela ipo na anayesaini benki amehama. Labda maji yana chumvi ya chuma na akina mama wameyakimbia kwa sababu yanaharibu rangi ya ugali. Ndiyo maana wala sikwambii mkaanze kulipia kwa kaya baada ya mavuno kama wale walivyojaribu. Nikikwambia hivyo nami nitakuwa kama mshauri wenu na Sikonge yake.

Kunakili ndiko kunakoniudhi kuliko yote. Wasomi watatu, Matt Andrews, Lant Pritchett na Michael Woolcock, wameandika sana kuhusu taasisi za nchi kama zetu zinazovaa umbo la taasisi inayofanya kazi bila kufanya kazi yenyewe. Nenda kijiji chochote: chombo cha maji kina katiba, kina mihtasari, wanawake kwenye kamati wametimia, muhuri upo na wino wake. Spana ya kufungulia pampu haipo. Nayo Afridev imetengenezwa makusudi ili watu wa kijijini waivue wenyewe, fimbo na pistoni vitoke bila kung'oa bomba. Mkifungiwa sola leo, kikiungua kile kisanduku cha umeme mtamtafuta fundi mbali zaidi ya Mpanda.

Na hili si la kwenu peke yenu. Mwaka 1971 nchi hii ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kila mtu apate maji karibu na kwake ifikapo 1991. Visima vikachimbwa kweli. Vituo vya maji vilipokuja kuhesabiwa nchi nzima miaka ya 2011 hadi 2013, karibu 4 kati ya 10 vilikuwa havitoi maji. Kuchimba tulijua. Hata ziwa letu Tanganyika uvuvi uliposimamishwa, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ukiuliza samaki wamepunguaje, kila kijiwe Ujiji kilikuwa na jibu la neno moja: makokoro, wageni, joto. Ziwa la nchi nne, lenye maji ya juu yanayozidi kupata joto mpaka hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye chakula cha samaki, halafu mtu anakuuzia jibu la neno moja! Wauza majibu hawa hawakosi wateja, kwa sababu kuuliza kunachukua siku nzima na hakuna posho.

Kwa hiyo laki nane ibaki mfukoni. Mwiteni mhandisi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, aliye wilayani, ndiyo kazi yake, avue pampu nanyi mkiangalia, na vijana wawili washike spana. Mhazini aje na daftari, mlinganishe Agosti na Februari. Chagueni mwiba mmoja mnaoweza kuung'oa wenyewe mwezi huu, muujaribu, na mwezi ujao mkae tena mwone kama umetoka au umevunjikia ndani.

Mshauri akirudi, msimfukuze. Mwombeni aseme tu ni nini kilichoharibika kwenye pampu mliyo nayo.