Ukiajiri raia kufundisha maafisa wa manowari, mpe ruhusa ya kuwafelisha

Nilipostaafu unahodha wa meli za mizigo, kampuni moja iliyoshinda zabuni ya kufundisha maafisa wa jeshi la majini ilinichukua niwe mkufunzi wa simuleta, mashine inayoigiza uendeshaji wa meli. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nusu saa ya kwanza ilinitoa jasho. Meli nilizozoea zina rafadha (panga la kusukuma meli) moja: ukipiga injini nyuma, shetri, yaani nyuma ya meli, inavutwa upande, kwa kawaida kushoto, na sisi watu wa mizigo tunautumia mvuto huo kusogea gatini. Manowari niliyowekewa ilikuwa na rafadha mbili: moja ukiisukuma mbele na nyingine ukiirudisha nyuma, meli inageuka karibu palepale. Luteni mmoja alinitazama nikihangaika, akanyamaza kwa adabu.

Kwa hiyo usinunue miaka ya baharini. Nahodha wa safari ndefu hufunga gati mara chache, tena rubani wa bandari, anayeongoza meli kuingia na kutoka, akiwa pembeni yake. Tafuta marubani wenyewe, na manahodha wa feri, watu wanaofunga gati kila siku. Kisha wapeleke kwanza kwenye manowari halisi, kabla hawajakabidhiwa darasa.

Kagua simuleta yenyewe pia. Mwaka 2017 manowari mbili za Marekani, USS Fitzgerald na USS John S. McCain, ziligongana na meli za biashara, wakafa mabaharia 17. Kwenye McCain udhibiti wa usukani ulihamia meza nyingine ya kuongozea meli bila wahusika kutambua, wakaamini usukani umekufa. Simuleta yenye vitufe tofauti na vya meli yao inawafundisha mkono wa kukosea. Na usidhani kompyuta inatosha bila mwalimu: jeshi hilohilo mwaka 2003 lilifuta kozi ya darasani ya maafisa wapya wa meli, likawapa CD wajisomee melini.

Lakini kilichonikera zaidi kilikuwa mkataba. Tulilipwa kwa saa. Kamanda mmoja aliingia kwenye bandari ya simuleta kwa kasi mara mbili ya niliyoipenda, upepo ukimsukuma kuelekea gati.

“Afande, kasi?” nikauliza.

“Ninaiona, mzee.”

Aliiona, ndiyo. Akapiga nyuma akiwa amechelewa, omo, yaani mbele ya meli, ikagonga gati. Vijana wake watatu walikuwa wameshaitambua hatari, hakuna aliyefungua mdomo. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu: “Amehudhuria”. Nikaandika pembeni “hajafaulu”. Jioni msimamizi wangu akaniita: “Kapteni, hao ndio wanaotulipa.” Karatasi ikachapwa upya, bila maandishi yangu.

Ukiandaa zabuni, weka kifungu kwamba alama za mkufunzi zinakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mafunzo wa jeshi, bila kupita kwenye kampuni, na kwamba kufelisha hakupunguzi malipo. Awepo pia afisa wa jeshi mwenye cheo kikubwa chumbani. Raia hawezi kumnyamazisha kamanda mbele ya vijana wake, wala si haki kumtwika kazi hiyo. Mwendo wa msafara na mambo ya kivita mwachie huyo afisa. Sisi tupeni gati, mikondo, maji mafupi, na meli inayokuja kulia kwako usiku.