Barua kwa mwanangu: ulivyoniuliza habari ya bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako ya jana usiku nimeiona, ile ndefu, nimeirudia mara mbili tatu kabla sijajibu. Umeniuliza, mama uliwezaje kumpenda bibi miaka yote ile na sisi wote tulikuwa tunasikia anavyokusema? Halafu ukanielezea rafiki yako uliyembeba tangu chuo, simu hapokei, akipokea ujue ana shida, shida ikiisha kapotea tena. Na mwisho kabisa ukaandika kwamba Yohana anasema asiyependa hakumjua Mungu, na we umechoka kupenda, sasa ndio humjui?

Ngoja nianze na bibi, maana watu wananisifia kitu ambacho hakikuwepo.

Alivyopooza upande mmoja, kazi ya kumkata kucha za miguu ikaniangukia mimi. Kucha za mtu mzima zinakomaa zinakuwa kama pembe, lazima uloweke miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu karibu robo saa ndio zikubali, na we umekaa chini kabisa, kichwa chako kiko usawa wa magoti yake na yeye huko juu anasema. Sijui kazi, sina adabu, mwanae angepata mke wa maana angefika mbali. Siku moja kikata kucha kikapitiliza nikamkata nyama, damu ikatoka, na hapa nakuambia kitu ambacho hata baba yako sijawahi kumwambia, kwa sekunde moja nilifurahi. Nikamfunga kidole mikono inatetemeka, na wala haikuwa huruma, nilijiogopa. Kumbe upendo wangu mimi ulishaisha siku nyingi, nilikuwa naendeshwa na ubishi tu, sitaki aseme nimeshindwa.

Usiku ule nikafungua Yohana 13, Yesu kuwaosha wanafunzi miguu. Nimeisikia tangu utoto ila sikuwahi kuhesabu miguu. Wanafunzi 12, miguu 24, na Yuda bado yumo ndani, anakuja kutoka baadaye baada ya kupewa lile tonge, yaani miguu yake nayo iliingia kwenye beseni lile lile, na Yohana anasema wazi kabisa kwamba Yesu alikuwa anamjua atakayemsaliti. Akamuosha hivyo hivyo. Na Yuda wala hakubadilika, alitoka na miguu yake misafi akaenda zake. Nilikaa na hiyo picha mpaka nikajikuta nimelia, maana miaka yote nilikuwa nadhani kwenye hiyo habari mimi ndiye mwenye beseni, kumbe mimi ni wa kuoshwa.

Sasa rudi kwenye ule mstari uliokutisha. We umeishia mstari wa 8, hebu shuka mpaka wa 19, sura hiyo hiyo ya 4 ya Waraka wa Kwanza wa Yohana: sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza. Kwanza, mwanangu. Kuchoka kwako hakumaanishi humjui Mungu, kunamaanisha ulikuwa unachota kwenye mtungi wako mwenyewe, na mtungi wa mtu yeyote unaisha, wangu ulishaisha.

Kuanzia hapo nikawa nasema kimoyomoyo Zaburi 136 wakati namkata. Kila mstari unaishia fadhili zake ni za milele, mistari 26, kucha 10, mara nyingi kucha zinaisha zaburi bado. Hisia zilikuja? Siku nyingine zilikuja, siku nyingi hazikuja, miguu ikaoshwa.

Ila hapa nisikie vizuri. Bibi yako alikuwa na mdomo tu. Angekuwa ananyanyua mkono kuwapiga nyie, ningewabeba tukaondoka siku hiyo hiyo, nikamuombea nikiwa mbali. Yule tajiri wa kwenye Marko 10, aliyeambiwa auze mali zake awape maskini, Yesu alimkazia macho akampenda, imeandikwa hivyo, na alivyoondoka kwa huzuni hakumkimbilia kumpunguzia masharti. Kwa hiyo rafiki yako ukimwambia safari hii hela sikupi, hujaacha kumpenda. Angalia tu usimwambie ukiwa na hasira, na wiki moja ambayo hana shida yoyote mtafute wewe, muulize hali basi, usitaje deni.

Shukrani usisubiri. Bibi hakuwahi kuniambia asante mpaka anaondoka. Kitu kimoja tu, miezi ya mwisho mwisho, nilikuwa nikiingia na beseni ananyoosha ule mguu mzima mwenyewe kabla sijauomba. Bado anasema, lakini mguu kanyoosha.

Baba yako anakusalimia. Ile ya kidole usimwambie.

Mama yako