Shusha Mkono, Kimbia: Kwa Mabeki Wapya wa Chuo

Jumamosi nilikaa chini ya mwarobaini pale nyuma ya goli, natazama mechi yetu ya kirafiki na vijana wa mtaani. Kipa wao akapiga golikiki. Upepo wa Dodoma ukaubeba mpira juu ya vichwa vya mabeki wetu wote wanne, na straika wao alikuwa amesimama nyuma yao peke yake, kama anasubiri bodaboda. Namba tano wetu mpya, beki wa kati, mwaka wa kwanza, mrefu, mzuri sana hewani, akafanya nini? Akanyoosha mkono kudai ameotea. Bao. Mkono bado uko juu.

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Halafu kicheko kikaniishia kooni, maana mkono ule naujua. Niliwahi kuwa nao.

Kabla sijaungama, hali halisi ya ukuta wetu kuelekea TUSA, michezo ya vyuo vikuu. Mabeki wawili wa kati wa msimu uliopita wamehitimu. Namba tatu yuko field, mafunzo kwa vitendo, na haijulikani kama atawahi kurudi. Aliyebaki ni namba mbili, ambaye goti lake linatabiri mvua kuliko watu wa hali ya hewa wa TMA. Kwa hiyo nafasi tatu kati ya nne ni zenu, mtake msitake. Na sisemi kwamba nina hofu sana. Mbio mnazo kuliko sisi, krosi za yule dogo wa kushoto zinanitia wivu. Ila vichwa bado viko kwenye video za simu.

1. Ongeeni. Beki bubu ni koni ya mazoezi. "Mtu!" "Wangu!" "Panda!" "Baki!" Haya hayahitaji mkopo wa Bodi. Jumamosi namba nne na kipa walitazamana kama wageni kwenye foleni ya kusaini bumu, pesa ya kujikimu, mpira ukapita katikati yao. Nilipomuuliza namba nne akaniambia aliona aibu kumpigia kelele kaka wa mwaka wa tatu. Mdogo wangu, shikamoo iishie nje ya chaki. Ukiingia uwanjani mwite kwa jina, mwite kwa sauti, mtamaliza heshima zenu kwenye chai.

2. Upepo. Ukikupiga usoni, rudi hatua tano kabla kipa wao hajabutua. Ukikupiga kisogoni, sogea mbele, mpira utafia njiani. Basi.

3. Kuotea, yaani offside: straika kuwa nyuma ya mabeki wakati mwenzake anampigia mpira. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa mkoba, beki wa mwisho. Nilikuwa nimeufanya mtego wa kuotea kuwa dini. Wiki tatu za maandalizi tulikuwa tunafanya hicho tu: napiga makofi mara moja, mstari mzima unapanda, straika anabaki nyuma na kibendera kinapanda. Niliupenda ule mkono wangu. Nilikuwa naunyoosha taratibu, kwa madaha, kama mtu anayesimamisha basi ambalo tayari linasimama.

Nusu fainali, 0–0, dakika ya 87. Mpira ukatoka upande wetu, wao wakapata wa kurusha. Walikuwa na namba mbili mwenye mikono kama manati, tulikuwa tumemwona tangu kipindi cha kwanza. Nikatupa jicho nyuma: straika wao yuko hatua kama sita nyuma yangu, kasimama, mikono kiunoni, wala hajifichi. Nikasema moyoni, huyu kaka kachoka, leo namlaza mapema. Nikapiga makofi. Wenzangu, kwa utii wote, wakapanda. Mpira ukarushwa ukapita juu yangu, nami nikanyoosha mkono, nikamtazama mshika kibendera.

Yule mzee alinitazama kama mhadhiri anavyomtazama mtu aliyeingia chumba cha mtihani usio wake. Kibendera kikabaki chini, kimelala kwenye paja. Nyuma yangu nikasikia kelele za mashabiki, na sikuwa na haja ya kugeuka.

Mpira wa kurusha hauna kuotea. Golikiki haina. Kona haina. Ukiupokea moja kwa moja kutoka hapo, simama popote utakapo, hata kwenye mapaja ya kipa. Sheria ya 11 ya mpira, mistari michache tu. Na mimi, naomba mkae chini, nilikuwa nasoma shahada ya sheria.

Kuna aliyepiga picha. Kipa wetu kaanguka, straika anakimbilia kwenye kona kushangilia, na katikati ya picha nipo mimi nimesimama wima, mkono juu, kama mwanafunzi anayeitika mahudhurio. Kabla hatujafika kwenye basi ilikuwa imeshaingia kwenye kila grupu. Kuanzia siku ile jina langu likawa "Nipo". Nimehitimu, nimeoa, na bado kuna watu mjini wananiita Nipo mbele ya mke wangu.

Kocha hakusema neno njia nzima. Dereva aliweka taarabu, akaizima mwenyewe. Tulipofika getini kocha akaniambia, "Kesho asubuhi uje na kitabu cha sheria za mpira, unisomee kwa sauti." Nilisoma. Wenzangu walikuwa wananyoosha viungo na mimi nasoma. Nilipofika kwenye ile sentensi ya mpira wa kurusha akasema, "Rudia." Nikarudia mara nne.

Na kilichonikera zaidi kuliko kutojua sheria ni kwamba, baada ya mpira kunipita, nilikuwa na nafasi. Straika wao alikuwa mzito. Alidokoa mara mbili, akauweka sawa, akatazama goli. Ningekimbia ningemfikia. Lakini nilikuwa nimesimama, nadai haki yangu. Kwa hiyo hata kama una uhakika ameotea kwa mita mbili, kimbia kwanza. Kibendera kikipanda, utakuwa umefanya mazoezi ya bure.

4. Kona. Mnaikumbuka mechi ya Taifa Stars na Zambia, AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024 pale San Pedro, Ivory Coast? Msuva katupa bao mapema, wao wakabaki 10 kabla ya mapumziko, sisi nyumbani tunapiga hesabu za kufuzu. Dakika ya 88, kona yao, Patson Daka, kichwa, 1–1. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni ya kibanda cha chipsi na nikajikuta namtafuta mtu wa kumkaba. Kona mshike mtu wako kwa macho na kwa mwili, mpira uusikilize tu. Najua, kocha wenu mpya anafundisha kukaba eneo. Sawa, kabeni eneo, lakini eneo halijawahi kufunga bao.

5. Zilizobaki nazisema mbio mbio kwa sababu jua limenipata. Mikono nyuma mkizuia shuti. Ndani ya boksi, ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya bao kwa faulo huku ukiuwania mpira utapewa njano, ukimvuta jezi ni nyekundu, basi chagueni. Imarisheni misuli ya nyuma ya paja mara mbili kwa wiki, si siku ya mechi. Na hii ya kipa kuanza kwa pasi fupi ndani ya boksi, iliyoruhusiwa tangu 2019: mmeuona uwanja wetu? Una mashimo ambayo mbuzi wanayakwepa. Butueni.

Mazoezi kesho saa 10:30 jioni, kila mtu na maji yake. Namba tano, ukija, unitafute pale kwenye mwarobaini. Kitabu ninacho, na ule ukurasa bado nimeukunja.