Kivuko kimeondoka, usingizi umebaki

Kwa miaka mingi nilikilaani kivuko cha Kigongo. Unatoka Mwanza na mzigo wa watu wa Geita, unapita Usagara vizuri, unafika ziwani unakuta foleni imerudi nyuma mpaka kwenye vibanda vya chipsi. MV Mwanza ndiyo kwanza inajaza magari upande wa Busisi. Konda wa basi lililo mbele yako ameshashuka, anachagua sato wa kukaanga bila haraka, na ukimwona konda anachagua samaki ujue kuna kukaa hapo. Basi nalaani, navua viatu, najikunja nyuma ya viti, nalala. Tingo, msaidizi wangu garini, ndiye aliyekuwa analinda foleni. Magari yakisogea anagonga mlango: "Suka, tunasogea."

Daraja likazinduliwa Juni 19, 2025. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache umeshafika ng'ambo. Nilishangilia na bado nashangilia, maana mgonjwa wa Sengerema anayekimbizwa hospitali ya Bugando hasubiri tena kivuko kijae. Lakini wiki chache baadaye nilikuwa narudi kutoka Geita, gari tupu, saa tisa alasiri, jua kali. Mbele yangu Noah imesimama kushusha abiria, hizi tunazoziita michomoko. Naiona kabisa. Taa zake nyekundu naziona. Mguu wangu haukwenda kwenye breki. Kama si tingo kupiga kelele, sijui leo ningekuwa nimekaa wapi. Tulisimama tukiwa tunaweza kusoma stika kwenye kioo chake cha nyuma.

Sikuwa nimefumba macho. Hilo ndilo lililonitisha. Usiku ule nilijiuliza kimebadilika nini: gari ni lile lile, njia ile ile, umri umeongezeka kidogo tu. Kilichobadilika ni kwamba ule usingizi wa Kigongo, ambao sikuwahi kuuhesabu kama usingizi, haupo tena. Serikali imejenga daraja. Haikunijengea mimi mwili mwingine.

Naandika haya kwa ajili ya madereva wenzangu wa kanda hii, na kwa matajiri wenye magari kama wanasoma.

Niwarudishe nyuma kidogo, kwenye safari iliyonifundisha kwa fimbo. Nilikuwa nabeba dagaa kutoka Mwaloni pale Kirumba kwenda Dar. Wasiojua kazi hii wanadhani safari inaanza gari linapowashwa. Haianzi hapo. Siku ile niliamka saa kumi na moja alfajiri ili nipate nafasi ya kupakia. Nafasi nikapata saa nne. Magunia hayajakamilika, tunasubiri mtumbwi. Wapagazi wanabishana bei. Tajiri anapiga simu kila baada ya nusu saa. Kufunga turubai tumemaliza saa mbili usiku, na saa tatu tukatoka mjini.

Sasa piga hesabu nami. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17. Yaani tunapita Misungwi, safari bado mbichi, mimi nina saa 17 macho. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha majibu ya jaribio moja rahisi: waliwapima watu wakiwa wamekesha, kisha wakawapima watu wale wale wakiwa wamelewa. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni sawa na asilimia 0.10. Sheria yetu inamkamata dereva wa kawaida kwenye 0.08. Ila trafiki angenisimamisha usiku ule na kunipa kile kifaa nipulize, kingesoma sifuri, angenisalimia na kuniambia safari njema.

Shinyanga tukachelewa kwa ajili ya tairi. Saa kumi alfajiri tuko Wembere. Mnaoijua Wembere mnaelewa: umeiacha Igunga, mbuga imelala kama meza, barabara imenyooka, hakuna kona, hakuna taa, hakuna kitu cha kumwambia ubongo kwamba uko kazini. Nilikuwa na saa 23 macho. Nakumbuka nikitoka Igunga. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mtikisiko wa rasta, ile mistari ya lami iliyoinuliwa, drrrrr, na usukani unatetemeka mikononi. Kati ya hapo na pale, hakuna. Sijui kama tulipishana na lori. Sijui kama niliwasha fulu au niliizima. Tingo alikuwa amelala kuliko mimi. Tulipofika Shelui nilisimama, nikashuka, miguu ikanikataa nikakaa chini kwenye mchanga. Mbele yangu kulikuwa na mlima Sekenke.

Wataalamu wanasema ubongo uliochoka huzima kwa sekunde chache bila kukuomba ruhusa, na macho yanaweza kubaki wazi. Sekunde 4 tu kwenye kilomita 80 kwa saa ni mita 89. Simama goli moja pale uwanja wa CCM Kirumba, tazama lile la pili, halafu fikiria Fuso yenye tani zake inakwenda umbali kama huo haina mtu.

Kwa hiyo, dalili. Usisubiri miayo, miayo inakuja mapema na watu wengi huizoea. Dalili ninazoziheshimu mimi ni hizi: sikumbuki vizuri nilivyopita kijiji kilichopita, nashika breki kwa kuchelewa, mara mbili mfululizo, gari linatambaa kuelekea mstari wa katikati na mimi naona ni upepo, nimesahau kushusha taa mpaka mwenzangu ameniwakia. Na moja ambayo sijaisoma popote ila naiamini kuliko zote: naanza kumgombeza tingo. Kijana wa watu hajakosa kitu, nami nina hasira naye kwa jinsi anavyotafuna karanga. Siku hizi nimemwambia mwenyewe, nikianza kukufokea bila sababu, niambie nisimame. Ameniambia mara tatu. Mara ya kwanza nilimfokea zaidi.

Kuna muda ambao hata uwe umelala vipi, mwili unavuta shuka. Saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ndiyo mbaya kuliko zote. Halafu saa nane hadi saa kumi mchana. Wengi tunaisingizia ugali, "nimeshiba vibaya". Ugali unachangia, lakini hata ukishinda na njaa mwili una saa yake ndani, na muda huo unashuka. Noah niliyowasimulia ilikuwa saa tisa.

Tiba za barabarani nimezijaribu karibu zote. Kufungua kioo: unapata baridi, kisha unasinzia ukiwa na baridi. Muziki mkubwa: unasinzia ukiwa na muziki. Maji usoni, pilipili mdomoni, miwa, sigara, zote zinakupa dakika chache na kukudanganya kwamba umepona, na huo uongo ndio unaoua. Mirungi sitaizungumzia sana. Ni kosa la jinai, na niliowaona wakiitumia hawakuwa wanaondoa usingizi bali wanaukopa. Unaulipa siku ya pili, pamoja na riba.

Kahawa inafanya kazi, tena sisi wa kanda ya ziwa tumebarikiwa, kahawa ya Bukoba ni robusta na ina kafeini nyingi kuliko arabika. Hata ile ya kutafuna ya Wahaya inasaidia. Lakini kahawa si swichi. Inachukua karibu nusu saa kuanza kazi vizuri, na watu wengi wanakunywa kikombe stendi na kuingia barabarani wakidhani wameshaamka. Mimi nafanya hivi: nakunywa, halafu hapo hapo nalala dakika 20. Ninapoamka kahawa nayo ndiyo inafika. Zisizidi 20, au zikizidi ziwe usingizi wa kweli wa saa moja na nusu na kuendelea. Ukilala dakika 40 au 50 utaamka umelewa usingizi, kichwa kizito, na ukishika usukani hapo hapo ni heri usingelala. Hata baada ya zile 20, shuka kwanza, zunguka gari, gonga matairi, ndipo uondoke.

Lakini hizo zote ni za kukufikisha sehemu ya kulala. Hazilipi deni. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na ukilala saa 5 leo, 5 kesho, 5 keshokutwa, deni linajumlishwa hata kama unajisikia mzima. Tena aliyechoka ni jaji mbovu wa uchovu wake, kama mlevi anayesema hajalewa.

Mawili ya haraka. Vile vidonge vidogo vya mafua, piritoni na ndugu zake, vinaleta usingizi. Uliza duka la dawa kabla hujameza na kuwasha gari. Na kama mama watoto analalamika kwamba unakoroma halafu unakata pumzi kisha unashtuka, usimcheke. Inawezekana njia ya hewa inaziba usiku, umelala saa 8 lakini mwili haujapumzika. Nenda hospitali, ukamwambie daktari kazi yako ni udereva.

Sasa nirudi kwa tajiri, maana hapo ndipo mzizi ulipo. Uchovu wangu wa Wembere haukuanzia Wembere, ulianzia Mwaloni kwenye foleni ya magunia. Nilipomweleza, akanijibu kwa mshangao wa kweli kabisa, "Si ulikuwa umekaa tu siku nzima?" Ana haki ya kudhani hivyo, hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kukaa si kulala. Yeye alikuwa anahesabu saa za usukani, mwili unahesabu saa za macho. Mabasi walau yamewekewa utaratibu, safari inayozidi saa 8 inatakiwa madereva wawili, na tangu yaruhusiwe kusafiri saa 24 kuanzia Oktoba 1, 2023 utaratibu huo ndio tegemeo letu sote tunaopishana nayo usiku. Ingawa nao una tundu lake: yule wa pili analala wapi? Nimewaona wamejikunja pembeni ya injini, mguu mmoja mlangoni, redio juu ya kichwa. Huyo anahesabiwa amepumzika.

Wavuvi wa dagaa wametuzidi akili, nawaambia. Wanavua kwenye giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanaziba nyavu, wanalala. Mwezi ndiyo ratiba yao na hakuna tajiri anayeubishia. Dagaa wale wale wakishapakiwa kwenye Fuso hawana mwezi tena, wana simu.

Tulichokubaliana mwishowe ni kidogo lakini kimebadilisha kazi yangu. Siku ya safari ndefu tingo ndiye anasimamia upakiaji. Mimi nalala nyumbani kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, simu imezimwa, watoto wametumwa kwa bibi yao, kanga nene dirishani. Sikupata ridhaa hiyo kwa maneno ya huruma. Nilimuuliza Fuso ni shilingi ngapi na saa nne za mchana ni shilingi ngapi. Akacheka, akakubali. Kama wewe umeajiriwa na huwezi kumwambia bosi ukweli wote, anza na hesabu hiyo.

Na abiria nanyi msikae mkidhani hayawahusu. Mnaopiga kelele "suka, kanyaga mafuta!" saa tisa usiku, mkiona basi linayumba pigeni kelele hizo hizo kwa sababu nyingine. Aliyekaa kiti cha mbele asiogope kuuliza, "Kaka, vipi, tusimame kidogo?" Dereva ataona aibu, atakataa. Uliza tena.

Kwa njia ya Geita, mimi nimejitafutia kivuko changu. Nikishavuka daraja, kabla ya Sengerema kuna mwembe, na chini yake mama mmoja anauza uji asubuhi na kahawa mchana. Naegesha nje kabisa ya barabara, nakunywa, nalala, naye ndiye ananiamsha. Yeye haangalii saa, anaangalia kivuli, na hajawahi kunipitiliza.

Mwezi uliopita tajiri akapiga nikiwa hapo hapo. Siku hizi ana programu kwenye simu, gari likisimama anaona.

"Mbona hamtembei? Pancha?"

"Hapana, bosi. Niko kivukoni."

Kimya. "Kivuko gani tena, na daraja lipo?"

Nikamwambia nitamweleza baada ya dakika 20, nikageuza simu kifudifudi.