Maelezo ya dataseti ya eksirei: sema lebo imetoka wapi kwanza

Mkuu umeuliza, mna eksirei za kifua mnataka kuwagawia watafiti wengine, na kwenye maelezo mmeandika tu idadi ya picha na kwamba zimegawanywa "TB" na "siyo TB", je inatosha? Hapana, haitoshi kabisa, na nasema hivyo kwa sababu kazi yangu mimi ni kupokea dataseti (mikusanyo ya data) za watu na kuziandaa kabla modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye picha, haijafundishwa.

Kitu cha kwanza nitakachotafuta ni nani kasema hii ni TB. Ni makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, ni daktari wa radiolojia aliiangalia picha, au ni kompyuta ilisoma ripoti ikachomoa maneno? Hizo ni lebo (majibu yanayobandikwa kwenye picha) tatu tofauti kabisa. Chukua dataseti ya ChestX-ray14 ya NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, 2017, picha 112,120 za wagonjwa 30,805, lebo zake zilichomolewa na programu kwenye ripoti. Baadaye daktari wa radiolojia akakaa akazipitia picha zenyewe akakuta nyingi zenye lebo ya hewa iliyovujia nje ya pafu, mgonjwa tayari ana mrija wa kifua, kwa hiyo modeli inaweza kujifunza kutambua mrija, wakati anayehitaji kuokolewa ni yule ambaye bado hajawekewa. Kwa hiyo nyie semeni wazi kama picha ni za kabla ya dawa, katikati ya matibabu, au mchanganyiko.

Halafu hao wasio na TB mmewatoa wapi? Hapa ndo watu wengi wanaumia. Kipindi cha COVID, 2020, kuna watafiti walichukua picha za COVID za watu wazima wakaziweka pamoja na nimonia za watoto wa mwaka 1 hadi 5 kutoka Guangzhou, China, modeli ikapata maksi za juu kumbe inatofautisha mtoto na mtu mzima. Na waliozitoa zile picha za watoto walikuwa wamesema umri vizuri tu, ila picha zilipokopiwa na kuunganishwa kwenye seti nyingine yale maelezo yakabaki nyuma. Ndo maana nasisitiza faili la maelezo likae ndani ya folda ileile ya picha, lisiishie kwenye tovuti, na umri na jinsia viwe kwenye jedwali mstari kwa mstari. Kama wenu wasio na TB ni vijana waliokuja kupima afya ya ajira na wenye TB wamepigwa picha wodini kwa mashine ya kusukuma, andikeni hivyo hivyo bila kuona aibu, maana dataseti yenye kasoro inayojulikana inatumika vizuri tu.

Mengine ni mafupi: aina ya mashine, mgonjwa alisimama au alilala, mlitoaje picha kutoka DICOM (faili la picha la hospitali) kwenda PNG (picha ya kawaida ya kompyuta), maana biti, yaani viwango vya weusi na weupe, zikishapunguzwa hazirudi, picha gani mliziacha na kwa nini. Kila mgonjwa apewe namba moja isiyomtaja jina, ileile kwa picha zake zote, la sivyo mtu huyohuyo ataangukia kwenye picha za kufundishia modeli na kwenye picha za kuijaribu. Tarehe mkizisogeza kulinda faragha semeni mmezisogeza, na mkague majina yaliyochapwa juu ya picha yenyewe, kufuta metadata (maelezo yaliyojificha ndani ya faili) peke yake hakuyaondoi.

Ukimaliza rasimu mpe mtu ambaye hajawahi kufika hospitalini kwenu aisome, kila swali atakalouliza jibu lake liingie kwenye faili.