Kuhamia Brussels: uanze na Kifaransa au Kiholanzi?

Dada uliyeuliza, mnahamia Brussels na mumeo na hujui uanze na Kifaransa au Kiholanzi. Nina miaka saba Ubelgiji, na ushauri wangu ni kwamba usilipie darasa lolote kabla hujajua mtaishi wapi na mtafanya kazi wapi. Nchi ina lugha 3 rasmi, lakini kila lugha ina eneo lake. Flanders, upande wa kaskazini, mambo ya ofisini ni Kiholanzi, Wallonia, upande wa kusini, ni Kifaransa, na mashariki kuna kieneo cha Kijerumani. Brussels zinatumika mbili, ila mtaani utasikia zaidi Kifaransa. Karani wa Flanders akikujibu Kiholanzi na Kifaransa anakijua, usidhani anakudharau. Sheria ya lugha inambana. Mimi jambo hilo liliniumiza sana mpaka mtu aliponieleza.

Lakini kabla ya lugha, manispaa. Mna siku 8 za kazi tangu mfike kwenda kujiandikisha. Halafu polisi wa mtaa atakuja nyumbani kuhakikisha kweli mnaishi hapo, na anaweza kuja bila taarifa. Tafadhali sana, siku mnayopewa funguo bandikeni majina yenu yote mawili kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Langu halikuwepo. Polisi akaja, hakuliona, akaondoka, nami nikakaa wiki tano zaidi bila kitambulisho. Bila kitambulisho benki niliyokwenda ilinikatalia akaunti, na bima ya afya nayo ikasimama. Hiyo bima ulizia kwa jina la mutuelle, au ziekenfonds kwa Kiholanzi, na jiungeni mapema.

Majina ya miji nayo yanabadilika na lugha. Mons kwa Kiholanzi ni Bergen, Liège ni Luik, na hata Lille ya Ufaransa wanaiita Rijsel. Rafiki yangu alisimama stesheni ya Antwerpen, huko Flanders, akitafuta Mons kwenye ubao, treni ya Bergen ikaondoka anaiangalia. Andika majina yote mawili kwenye simu.

Kazi ikiwapeleka Flanders, anzeni na namba na saa. Waholanzi na watu wa Flanders namba 49 wanaitamka “tisa na arobaini”, kwa hiyo namba za simu nilikuwa naziandika kinyume. Mwombe mtu akutajie tarakimu mojamoja, hakatai. Na half acht (neno kwa neno “nusu nane”, yaani 7:30 kwa saa za kizungu) ni saa moja na nusu, si saa mbili na nusu. Kwa neno hilo nilifika kwenye usaili nimechelewa saa nzima, na kazi ile sikuipata.

Mkiishiwa sukumawiki, unga au hamu ya kusikia Kiswahili, nendeni Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, Brussels. Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi watawapokea vizuri, ingawa Kiswahili chao kitakuchukua siku mbili tatu kukizoea.

Mkishapata nyumba, niambie ni manispaa gani, nikueleze taka zinatolewa siku gani na kwa mfuko wa rangi gani.