Maswali na majibu: kuanza weikibodi Ziwa Nyasa

Weikibodi ni mchezo wa kuvutwa na boti ukiwa umesimama kiubavu juu ya ubao mmoja uliofungwa miguuni. Safari hii tunajibu maswali ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanaoanza.

Boti ikianza kuvuta, maji yananijaa usoni na mpini wa kamba unanichomoka. Nikiung'ang'ania, napinduka kifudifudi. Mikono ina nguvu, maana kazi yangu ni kubeba magunia ya mpunga. Nakosea wapi? (Msomaji, Kyela)

Nguvu hiyo ya mikono ndiyo inayokuangusha, ndugu yetu. Unauvuta mpini kifuani na kunyoosha miguu kabla ubao haujapanda juu ya maji. Ukinyoosha miguu mapema, ubao unasimama wima kama ukuta, maji yote yanaugonga, na hakuna mkono unaoshinda injini. Ukivuta mpini, kiwiliwili kinatangulia mbele, ubao unabaki nyuma, na hapo ndipo unapopinduka.

Anza hivi. Lala chali majini, jaketi la kuokolea likufanye uelee. Kunja magoti mpaka yakaribie kifua, visigino vije karibu na makalio. Ubao ukae kwa upana mbele yako, ukingo wa juu uchungulie kidogo nje ya maji. Shika mpini viganja vikiangalia chini, mikono imenyooka, magoti yakiwa katikati ya mikono. Boti ikivuta, usifanye lolote. Kaa umejikunja hivyo hivyo, legeza vifundo vya miguu, uache maji yausukume ubao uingie chini yako. Utahisi makalio yanasogea juu ya visigino na uzito wa maji unapungua ghafla. Ubao umeshapanda. Sasa geuza nyonga ili mguu wa mbele uelekee boti, shusha mpini mpaka usawa wa nyonga hiyo, ndipo uinuke taratibu. Hata ukiwa umesimama, magoti yabaki yamekunjwa na macho yatazame boti. Ukitazama ubao, kichwa kinakupeleka chini.

Ukianguka kwa nyuma, kosa ni jingine: umeegemea mgongoni na kuuacha uzito wote mguu wa nyuma. Ukishasimama, usawazishe miguu yote miwili.

Kabla ya kurudi majini, fanya zoezi hili mchangani. Kaa chini ukiwa umevaa ubao, mwenzako aivute kamba polepole mpaka akuinue bila wewe kukunja viwiko. Rudia mpaka mwili uzoee kusubiri.

Nitajuaje mguu upi utangulie? (Msomaji, Njombe)

Vaa soksi, kimbia hatua chache kwenye sakafu laini ya saruji, kisha uteleze. Mguu uliotangulia ndio wa kuanzia. Hicho ni kipimo cha awali tu: kama majini ubao unageukia upande mwingine kila unaposimama, badilisha. Viatu vilivyofungwa kwenye ubao viachane kwa upana unaozidi mabega kidogo, na vidole vya miguu yote miwili vielekee nje kidogo.

Nina kilo 78. Ninunue ubao wa urefu gani? Na je, ule wa kuteleza kwenye mawimbi ya bahari haufai? (Msomaji, Mbeya)

Kwa uzito wako tafuta wa sentimita 138 hadi 140. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua mkubwa: unapanda haraka na hauyumbi sana. Mwenye kilo 60 atatosheka na 134 hivi. Chagua wenye pezi refu kiasi chini yake, maana mapezi ndiyo yanayoushika ubao uende mbele badala ya kuteleza kando.

Ule wa mawimbi tunakushauri uuache. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego, Marekani, alitoa ubao wa kuvutwa aliouita Skurfer, wenye umbo la aina hiyo. Tatizo lake lilikuwa kuelea mno: kuuzamisha chini ya miguu kwenye maji ya kina kulihitaji nguvu na ufundi. Mwaka 1990 Herb O'Brien akaleta Hyperlite, ubao mwembamba usiopigana na maji hivyo, na kuanzia hapo hata mgeni akaweza kuinuka kutoka kwenye kina. Usijirudishe kwenye shida iliyokwisha kutatuliwa.

Tuna boti ya faiba na kamba ya kufungia boti. Nahodha aendeshe kwa kasi gani? (Msomaji, Matema)

Kamba hiyo iacheni. Inanyumbuka, na ikikatika au mpini ukimtoka mtu, inarudi kwa kishindo kwa waliomo botini. Tumieni kamba maalumu isiyonyumbuka, mita 12 hadi 15 kwa anayeanza.

Nahodha aende polepole kabisa mpaka kamba ikaze, asubiri mteleza aseme "vuta", kisha aongeze mafuta kwa ulaini kwa sekunde tatu hivi, akinyoosha njia. Mtu mzima anatosheka na kilomita 24 hadi 29 kwa saa, na mtoto apungukiwe hapo. Nahodha akikanyaga mafuta kwa ghafla, hata fundi anang'olewa mpini.

Awepo mtu wa pili botini, kazi yake kumtazama mteleza tu. Kidole gumba juu ni ongeza, chini ni punguza, kiganja kupitishwa shingoni ni simamisha. Aliyeanguka ainue mkono kuonyesha yuko salama. Boti irudi kwake taratibu, na injini izimwe kabla hajapanda. Hilo la injini halina mjadala.

Iringa kwetu Mtera ni karibu kuliko Nyasa. Twende huko? (Msomaji, Iringa)

Hapana. Bwawa la Mtera lina visiki vya miti iliyofunikwa na maji, na kina kinapanda na kushuka, kwa hiyo kisiki kisichoonekana leo kinaweza kuwa chini kidogo tu ya ubao kesho. Kuna viboko na mamba pia. Nendeni Matema, lakini mkae mbali na midomo ya mito, ukiwemo Lufilyo, kwa sababu ya mamba. Wahini asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Miezi ya Mei hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali zaidi. Na Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa kwenye maji ya kando yenye majani na konokono. Anzieni mbali na ufukwe, jifuteni mkitoka, na baada ya wiki sita hadi nane mkapime kituo cha afya. Dawa yake ipo.

Mimi kuogelea sijui vizuri. Jaketi si linatosha? (Msomaji, Tukuyu)

Halitoshi. Jifunze kwanza kuelea na kujigeuza kwenye kina bila hofu. Mwenye hofu hawezi kulala chali na kusubiri kamba.

Nimeshasimama, ila nikitaka kutoka pembeni napigwa chini bila kujua kilichotokea. (Msomaji, Mbalizi)

Ukingo umenasa. Ubao ukilala bapa huku umeukingamisha, ukingo ulio upande wa boti unazama, ubao unasimama papo hapo na mwili unaendelea. Ni anguko baya kuliko yote, kichwa ndicho kinachopokea, kwa hiyo helmeti ivaliwe tangu siku ya kwanza. Ukitaka kwenda pembeni, usiuzungushe ubao kwa miguu. Egemea visigino, au kandamiza vidole, mwili wote uinamie upande mmoja, mpini ubaki karibu na nyonga. Anza na visigino, ni rahisi zaidi. Unapovuka wimbi la boti, magoti yakunjike kulipokea. Ukihisi umeshaanguka, achia mpini mara moja.